Mpira wa mafuta uliochoka: Kitu kidogo kinachoweza kuteketeza gari na mtaji

ALFAJIRI katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, magari huwa mengi kuliko nafasi ya kuyaegesha. Wapo wenye malori yanayopakia magunia ya dagaa kwenda mikoani na nchi jirani, lakini wapo pia wafanyabiashara wadogo wadogo ambao mtaji wao wote uko ndani ya Hiace moja ya zamani. Viti vya nyuma vimeng'olewa, sakafuni kumetandikwa turubai, na gari lile lile linalobeba dagaa asubuhi ndilo linalobeba nyanya, mkaa au abiria jioni.

Magari haya yamesomesha watoto na kujenga nyumba nyingi katika Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya Jiji la Mwanza kugawanywa. Hata hivyo, wenye magari wengi husubiri mpaka kitu kikatike ndipo kitengenezwe. Tairi likiisha linaonekana. Breki zikiisha zinapiga kelele. Lakini mipira ya mafuta na klipu zake huchoka kimya kimya, chini ya kiti na chini ya sakafu, mahali ambapo mwenye gari hainami kuangalia.

Makala haya yanaeleza kwa nini kifaa hiki cha bei ndogo kinastahili kupewa uzito, namna ya kukikagua, namna ya kuchagua kinachofaa dukani na namna kinavyobadilishwa. Hata kama kazi utampa fundi, ukiifahamu utajua ulicholipia.

Kwa nini Hiace ya zamani ina hatari ya pekee

Hiace za umbo lililotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 bado ni nyingi barabarani. Maana yake ni kwamba hata ile changa kuliko zote katika kundi hilo imeshavuka miaka 20. Bodi imepigwa rangi upya, injini imebadilishwa mara moja au mbili, lakini si ajabu kukuta vipande vya mpira vilivyofungwa kiwandani bado viko pale juu ya tangi.

Mpira huzeeka hata kama gari halitembei. Joto la injini huukausha, mafuta huufyonza viungo vyake vya ulaini, na mtikisiko wa barabara huufanya upasuke pale unapokunjwa au unapobanwa. Mwanza ni jiji la miamba, na mwenye kutoka Igombe, Kayenze au Sangabuye na mzigo anajua gari linavyotikisika kabla halijafika mjini.

Ubaya mwingine ni mahali injini ilipo. Katika Hiace hizi injini imekaa chini ya viti vya mbele. Mpira ukivuja, petroli haidondokei mbele ya gari kama ilivyo kwa gari dogo. Inadondokea chini ya makalio ya dereva na abiria wake, karibu na alteneta, stata, nyaya za plagi na bomba la moshi lenye moto mkali.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kukiwa na baridi kali kuliko barafu, sembuse joto la Mwanza. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu na kupotea bali hutambaa chini, hujaa kwenye mashimo na pembe za sakafu, na husubiri cheche. Watanzania tuliona nguvu ya mvuke huo Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli. Moto uliolipuka uliua watu zaidi ya 100. Mpira wa Hiace hauwezi kumwaga mafuta mengi kiasi kile, lakini tabia ya petroli ni ile ile.

Wenye magari ya dizeli nao wasijione wako salama kabisa. Ni kweli dizeli haiwaki kirahisi kwa kiberiti kama petroli. Lakini ikirukia bomba la moshi lililopata moto sana inaweza kushika bila hata kuhitaji cheche.

Hasara huanza kabla ya moto

Tuache moto, tuzungumze pesa. Chukua gari la petroli linalovuja tone moja kila sekunde linapotembea. Kwa saa moja ni matone 3,600. Tukikadiria kwamba matone 50 ya petroli hufanya mililita moja, hiyo ni mililita 72 kwa saa. Gari likifanya kazi saa 10 kwa siku, limemwaga mililita 720. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni karibu lita 19. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta. Chukua bei ya mji wako, zidisha kwa 19, kisha linganisha na bei ya mita mbili za mpira na klipu nane. Utaona kwamba wewe unayesema huna pesa za kubadilisha mpira, tayari umekwishalipa, ila umelipa barabarani.

Kwa dizeli hasara huja kwa sura nyingine. Upande wa kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, mafuta hufyonzwa. Mpira ukiwa na ufa mdogo au klipu ikilegea, si lazima dizeli itoke nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Matokeo yake gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, linawaka na kuzimika, au linakosa nguvu kwenye mlima. Mwenye gari hununua betri mpya, hufungua stata, hata kupeleka pampu kupimwa, kumbe ugonjwa ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja. Kabla ya kukubali kwamba pampu imekufa, mwambie fundi aanze na mipira.

Tena kuna suala la bima. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile inayolipa madhara uliyowasababishia watu wengine. Bima hiyo hailipi gari lako likiungua, wala haikulipi magunia ya dagaa yaliyokuwa ndani. Kwa mfanyabiashara wa gari moja, moto wa dakika kumi unaweza kufuta kazi ya miaka kumi.

Yaliyonikuta mwenyewe

Mwandishi wa makala haya anazungumza kama mtu aliyeonja. Niliwahi kuwa na Hiace ya petroli iliyokuwa ikibeba dagaa. Ilipoanza kunuka nikaipeleka gereji moja, nikaambiwa tatizo ni dogo. Fundi akakata kipande cha mpira mweusi kilichokuwa pale chini, akakifunga, harufu ikaisha, nikalipa na kumshukuru.

Haikupita miezi miwili. Usiku mmoja tukitoka Kayenze, ndani tukiwa na mzigo na akina mama wawili wenye mali yao, harufu ikarudi kwa nguvu. Tulisimama, tukashuka, nikafunua kiti. Mpira ule ulikuwa umevimba na kulainika kama unga uliokandwa, na petroli ilikuwa inatiririka juu ya injini. Ulikuwa ni mpira wa maji. Tulilala pale mpaka kulipokucha. Nilijifunza kwamba mipira yote ni myeusi lakini kazi zake hazifanani, na kwamba mimi mwenye gari sikuuliza swali hata moja.

Namna ya kukagua

Ukaguzi hauhitaji vifaa. Unahitaji tochi, kitambaa kikavu, injini iliyopoa na pua yako. Fanya kazi hii asubuhi kabla gari halijawashwa, mahali pa wazi, bila sigara wala jiko la mkaa karibu.

Anza na kufunua kiti cha mbele na kufuata mipira mmoja mmoja kuanzia kwenye filta hadi kwenye kabureta au bomba la nozeli. Kisha lala chini ya gari ufuate njia kuelekea kwenye tangi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni bomba la chuma. Mpira umewekwa kwenye maungio tu. Mara nyingi utakuta mpira wa kupeleka mafuta, mpira wa kurudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi, mpira mwembamba wa kupumulia, na ule mnene unaotoka kwenye mdomo wa kujazia mafuta. Huu wa mwisho husahaulika sana. Gari likinuka petroli siku uliyojaza tangi tu, kisha harufu ikapotea tangi linaposhuka, mshuku huo kwanza.

Binya kila mpira kwa vidole na uukunje kidogo. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Ukiwa mgumu kama plastiki, umekwisha. Ukiwa laini na umevimba, umekwisha pia. Ukiukunja ukaona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa jaruba lililokauka, usisubiri zikue. Angalia zaidi nchani, pale klipu ilipobana. Pitisha kitambaa kikavu kuzunguka maungio yote. Kikitoka na unyevu, hapo pana kazi.

Kwa wanaobeba samaki kuna jambo la ziada. Maji ya barafu yenye shombo, na zaidi sana maji ya chumvi kutoka kwenye kayabo, hupenya sakafuni na kudondokea mabomba na klipu zilizo chini. Chumvi hula chuma. Klipu inayoonekana imekaa sawasawa inaweza kuwa kutu tupu, na ukiigusa kwa bisibisi inakatika. Mbebaji wa samaki anapaswa kuosha gari chini kwa maji baridi kila anaposhusha mzigo, si ndani peke yake.

Dukani: soma maandishi yaliyo juu ya mpira

Mpira wa mafuta uliotengenezwa kwa utaratibu una maandishi ubavuni. Usinunue mpira usio na maandishi yoyote hata kama muuzaji anakuapia.

Jambo la kwanza ni aina ya gari lako. Injini ya petroli yenye kabureta hutumia mafuta yenye mgandamizo mdogo sana, wa bar 0.2 hadi 0.3 hivi. Injini ya petroli yenye nozeli za umeme, ambayo mafundi huiita EFI, hutumia mgandamizo wa karibu bar 2.5 hadi 3, yaani kama upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo. Hiyo ni takriban mara kumi ya ule wa kabureta. Mpira unaofaa kwa kabureta ukiufunga kwenye EFI unaweza kupasuka, na petroli ikatoka kama dawa inayopulizwa shambani.

Kwa kabureta, na kwa njia za kurudisha mafuta na za kupumulia, mpira wenye alama SAE J30R7 unatosha. Kwa EFI tafuta SAE J30R9. Zipo pia alama za viwango vya nchi nyingine. La msingi ni kwamba maandishi yaseme wazi kwamba mpira ni wa mafuta, na yaonyeshe mgandamizo unaovumilia.

Kwa wenye EFI ambayo pampu yake imo ndani ya tangi, kuna kipande kifupi cha mpira kinachozama kwenye petroli muda wote. Hapo hata R9 haifai, maana imeandaliwa kubeba mafuta kwa ndani, si kuloweshwa kwa nje. Kinachotakiwa ni SAE J30R10. Fundi akifungua tangi, muulize kipande hicho amekitoa wapi.

Jambo la pili ni kipenyo. Usibahatishe, nenda na kipande cha zamani, au pima bomba la chuma. Katika magari mengi ya aina hii njia ya kupeleka huwa ya milimita 8 na ya kurudisha milimita 6, lakini gari lililopitia mikono mingi linaweza kuwa limebadilishwa. Mpira mpana kuliko bomba hauponi kwa kukazwa klipu. Hujikunja, na mafuta hupita kwenye mkunjo.

Epuka mpira wa maji, wa gesi ya kupikia, wa kujazia upepo, na ule mweupe unaoonyesha ndani. Huo mweupe unapendwa kwa sababu mafuta yanaonekana yakipita, lakini joto la injini huugeuza kuwa mgumu kama kucha. Kuhusu vipande vya tyubu ya baiskeli na sabuni ya mche ya kuzibia tangi, hizo ni mbinu za kukufikisha kijiji cha jirani, si matengenezo.

Klipu nayo ina hesabu yake

Watu wengi hununua mpira mzuri kisha wakauharibu kwa klipu mbaya. Ziko aina tatu zinazopatikana kwa wingi.

Ya kwanza ni klipu ya springi inayobanwa kwa plaiasi, ambayo magari mengi hutoka nayo kiwandani. Ni nzuri kwa mgandamizo mdogo kwa sababu hufuata mpira unapopanuka na kusinyaa. Ikishika kutu hupoteza nguvu, hivyo ukibadilisha mpira ibadilishe nayo.

Ya pili ni klipu ya skurubu yenye matobo kwenye mkanda wake. Hii ndiyo inayojaa madukani. Kasoro yake ni kwamba ukiikaza sana, mpira huingia kwenye matobo na kingo za mkanda huukata. Inafaa kwa mipira minene kama wa mdomo wa tangi, na kwenye mipira myembamba itumike kwa mkono mwepesi.

Ya tatu ni klipu ndogo yenye mkanda laini usio na matobo, kingo zilizokunjwa, na boliti ya kukazia. Hii ndiyo ya EFI. Bei yake ni kubwa kidogo lakini haikati mpira. Ukipata za chuma kisichoshika kutu, chukua hizo, hasa kama gari lako linalala na shombo la ziwa.

Waya wa kufungia nondo si klipu. Hubana sehemu mbili na kuacha nyingine wazi, na mwishowe huukata mpira.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kazi hii kwa fundi mzoefu ni ya nusu siku. Ifanyike nje, injini ikiwa imepoa kabisa, tangi likiwa na mafuta kidogo. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa poda na ndoo ya mchanga. Maji si ya kuzimia petroli, kwani petroli huelea juu yake na moto ukasambaa. Kama gari limepandishwa juu, liwe limekaa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Asiruhusiwe mtu kuchomelea jirani.

Kwanza, toa mgandamizo. Kwa gari la EFI, chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa injini iachwe izimike yenyewe, kisha zima swichi. Fungua kifuniko cha tangi kidogo ili mvuke utoke. Halafu chomoa waya hasi wa betri.

Pili, weka alama. Funga kipande cha uzi au utepe kwenye kila mpira, au piga picha kwa simu kabla ya kuanza. Badilisha mpira mmoja baada ya mwingine, usivue yote kwa pamoja. Mpira wa kupeleka na wa kurudisha vikibadilishana mahali, utatafuta ugonjwa kutwa nzima.

Tatu, vua wa zamani. Legeza klipu, zungusha mpira kushoto na kulia mpaka uachie. Ukikataa usiuvute kwa nguvu, maana bomba la chuma lililozeeka linaweza kupinda au kukatika. Upasue kwa wembe kwa urefu, lakini wembe usiguse chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye bomba ni njia mpya ya kuvujia. Kinga mafuta yanayodondoka kwa chombo cha chuma na uyaweke mbali.

Nne, safisha mdomo wa bomba. Futa uchafu, ondoa kutu kwa msasa laini, na uzibe tundu kwa muda ili vumbi lisiingie. Bomba likiwa limeliwa na kutu hadi limetoboka, mpira mpya hautasaidia. Kipande hicho cha bomba kibadilishwe.

Tano, kata mpira mpya kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, urefu sawa na wa zamani. Usiwe mfupi wa kuvutika wala mrefu wa kujikunja. Ingiza klipu kwanza, lowesha ncha kwa mafuta kidogo, kisha sukuma mpira uingie kiasi cha inchi moja, upite ule mwinuko ulio kwenye mdomo wa bomba. Klipu ikae nyuma ya mwinuko huo, si juu yake, na iache nafasi ndogo kabla ya ncha ya mpira. Kaza mpaka mpira ushikwe sawasawa. Ukiona umeanza kufura pembeni mwa mkanda, umezidisha.

Sita, hakikisha mpira haugusi bomba la moshi, mkanda wa feni wala kona ya chuma. Rudisha vishikizo vyote vilivyokuwapo. Mpira unaoning'inia husuguliwa mpaka unatoboka.

Saba, jaribu kabla ya kuondoka. Kwa EFI, rudisha fyuzi na waya wa betri, fungua swichi bila kupiga stata, zima, rudia mara kadhaa, na uangalie kila ungio. Kwa dizeli, tumia pampu ya mkono iliyo juu ya filta, bonyeza mpaka iwe ngumu, ndipo upige stata. Kisha acha injini iungurume dakika kumi na upitishe kitambaa kikavu tena. Kesho yake asubuhi kagua mara nyingine, na baada ya wiki moja angalia kama klipu yoyote imelegea.

Onyo moja kwa wenye dizeli: mabomba ya chuma yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli hubeba mgandamizo unaozidi bar 100. Hayo hayaungwi kwa mpira kamwe, na usitafute uvujaji wake kwa kidole injini ikiwa inaunguruma. Dizeli inayofyatuka pale inaweza kupenya ngozi.

Nani alipe, bosi au dereva?

Hapa ndipo mambo mengi hukwama. Magari mengi ya biashara yako mikononi mwa dereva anayepeleka hesabu kwa mwenye gari kila jioni. Dereva akisikia harufu ya mafuta saa nne asubuhi, anajua akisimama hesabu haitatimia, na mpira akinunua yeye huenda asirudishiwe. Kwa hiyo anafungua dirisha na kuendelea. Mwenye gari naye hajui lolote mpaka siku ya simu mbaya.

Dawa yake ni makubaliano yaliyo wazi. Mwenye gari aseme mbele ya dereva kwamba harufu ya mafuta ni sababu halali ya kusimamisha gari, na kwamba siku hiyo hesabu itapunguzwa. Vipuri vidogo vya usalama viwe juu ya mwenye gari, na risiti zihifadhiwe kwenye daftari pamoja na tarehe ya kubadilisha. Daftari hilo litakusaidia hata siku ya kuuza gari. Na ukinunua gari la zamani usilolijua historia yake, badilisha mipira yote ya mafuta mwanzoni, usingoje ikuambie yenyewe.

Aidha, ushauri huu si wa Hiace tu. Mkulima mwenye pampu ya kumwagilia bustani kando ya ziwa, mwenye mashine ya kusaga, mwenye pawatila na mvuvi mwenye injini ya mtumbwi wote wana mipira ya mafuta na klipu. Kukagua ni kule kule kwa kubinya, kukunja na kupangusa kwa kitambaa.

Moto ukitokea

Dereva asimame pembeni, azime swichi mara moja ili pampu isiendelee kusukuma mafuta, na ashushe watu wote kabla ya kufikiria mzigo. Usifunue kiti cha injini wazi kabisa, maana hewa ikiingia kwa wingi moto hupanda usoni. Kama moto bado ni mdogo, pitisha poda kwenye mwanya huku mgongo wako ukielekea upepo unakotoka. Kama umeshakuwa mkubwa, ondoka, waweke watu mbali na upige 114 kuita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali dereva anapoufikia kwa mkono mmoja, si chini ya magunia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye Hiace ya zamani, ufa wenyewe uko kwenye mpira wenye urefu wa kiganja, na tochi ya simu inatosha kuuona. Kesho alfajiri, kabla gari halijaondoka kwenda Mwaloni, funua kiti na uangalie.